Barua ya Wazi kwa Wahariri: Wingu Lile Halikuwa Katrina

Kwa Wahariri Wakuu,
Magazeti, Redio, Televisheni na Tovuti za Habari za Kiswahili.

YAH: PICHA ZA VIMBUNGA MNAZOTULETEA

Ndugu Wahariri,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Si mzoefu wa kuandika magazetini. Kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari inanitosha. Naitoa barua hii hadharani kwa sababu barua tatu nilizokiandikia faragha chombo kimoja cha habari hazikuzaa matunda. Chombo chenyewe sitakitaja, maana ugonjwa huu si wake peke yake. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja: "Hiyo ni picha ya mfano tu, mwalimu." Baada ya ya tatu, picha niliyoilalamikia iliondolewa kimyakimya kwenye tovuti yao, bila neno lolote la masahihisho, na mahali pake pakawekwa nyingine ambayo nayo ni ya uongo. Hiyo ya pili nitaifikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 2025 ilitimia miaka 20 tangu Kimbunga Katrina kilipopiga pwani ya kusini ya Marekani. Chombo hicho kilitoa makala ya kumbukumbu, na juu yake kikaweka picha ya wingu jeusi la duara, limepangana tabaka kwa tabaka kama sahani zilizorundikwa, limening'inia juu ya nchi tambarare. Maelezo yalisema ni Katrina kikikaribia pwani. Nikaikata ile picha gazetini, nikaibandika ubaoni darasani, nikajisifu kwamba leo nimepata zana ya kufundishia.

Ilikaa siku mbili. Siku ya tatu mwanafunzi wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, bahari iko wapi?"

Nikageuka kuitazama. Bahari haikuwepo. Palikuwa na nyasi mpaka mwisho wa macho, na barabara ya vumbi.

Jioni ile nilitafuta asili ya picha hiyo, na haikuchukua hata dakika tano. Ni miongoni mwa picha za Mike Hollingshead, mkazi wa Nebraska ambaye amekuwa akizifuata dhoruba za radi kwenye nyanda za katikati ya Marekani na kuzipiga picha. Mwaka 2005, bila ridhaa yake, picha zake kadhaa zilisambazwa kwa barua pepe zikidaiwa ni Katrina, na ukweli wake ukawekwa wazi wakati huohuo. Mwaka 2012, kilipokuja Kimbunga Sandy, wingu lake jingine alilolipiga Nebraska mwaka 2004 lilipachikwa nyuma ya Sanamu ya Uhuru ya New York, likazunguka dunia nzima. Mtu mmoja amefanywa shahidi wa vimbunga viwili ambavyo picha hizo hazikuvihusu hata chembe. Na miaka 20 baadaye, sisi wa Kiswahili tunaletewa tena wingu hilohilo likiwa limepashwa moto.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Picha ile inafundisha watu kuogopa kisichoua.

Naomba mnivumilie hapa, maana hili ndilo lililonitoa nyumbani.

Hakuna mtu aliyesimama chini anayeweza kukiona kimbunga cha bahari kikiwa kizima. Kina upana wa mamia ya kilomita. Ukiwa ndani yake unaona anga ya kijivu, mvua inayokwenda mlalo, na miti inayoinama. Umbo lile la duara tunalolijua tunalipata kwa satelaiti. Wingu linalotosha kwenye kamera ya mkononi, lenye kingo zake zote, ni dhoruba ya radi ya nchi kavu. Ni kitu kingine kabisa. Lugha yetu nayo inachangia mkanganyiko huu, kwa kuwa neno "kimbunga" tunalitwika mzigo wote: lile dude la baharini lenye upana wa mkoa mzima, na ule mkonga wa upepo unaoshuka kutoka mawinguni na kung'oa mabati ya kijiji kimoja. Lakini lugha kuwa na neno moja hakumzuii mhariri kuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

Katrina kilitua asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005 karibu na Buras, Louisiana, kisha kikatua tena kwenye mpaka wa Louisiana na Mississippi. Kilichoua zaidi ni maji. Pwani ya Mississippi, bahari iliyosukumwa na upepo ilipanda nchi kavu. Pale Pass Christian ilifika takriban mita 8.5, na upepo ukaongeza mawimbi juu yake. New Orleans kuta na matuta ya kuzuia maji yalipasuka sehemu nyingi, na takriban asilimia 80 ya jiji ikazama. Na maji yaliendelea kujaa kimbunga chenyewe kikiwa kimeshapita. Zile picha za kweli za watu juu ya mapaa wakipunga mashuka, zitazameni vizuri: jua linawaka. Anga ni ya bluu.

Mtu aliyefundishwa na picha yenu atakodolea macho mawingu huku maji yakimjia kwa nyuma.

Msiniambie hayo ni ya Marekani. Machi 2019 Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15. Upepo ulipita, kisha mito ya Pungwe na Buzi ikafurika, na watu wakakwama siku kadhaa juu ya miti na mapaa. Msumbiji, Zimbabwe na Malawi kwa pamoja zilipoteza watu zaidi ya 1,000. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema: upepo mkali, mvua kubwa, mawimbi makubwa. Katika kundi moja la WhatsApp nililomo, mtu mzima na akili zake timamu aliandika: "Nimetoka nje kuangalia, anga ni ya kijivu tu, hicho kimbunga chenu kiko wapi?" Simcheki. Alikuwa anasubiri wingu la Nebraska. Tangu aanze kusoma magazeti ndilo alilooneshwa.

2. Waliofikwa na maafa wamenyang'anywa ushahidi wao.

Picha za kweli za Katrina zipo kwa maelfu. Pwani ya Mississippi kuna picha za ngazi za zege zinazopanda kwenda hewani, maana nyumba zilizokuwa juu yake hazipo tena. New Orleans kuna milango iliyochorwa alama ya X kwa rangi ya kupulizia: waokoaji waliandika humo tarehe waliyoingia na idadi ya waliowakuta, wazima au wafu. Kuna paa la uwanja wa Superdome lililochanika huku maelfu ya watu wamejihifadhi chini yake. Gazeti la Dallas Morning News lilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006 kwa picha zake za maafa haya. Kwa hiyo msiseme hazipatikani.

Kuna jambo jingine hapa linaloniuma zaidi, ingawa wengine huliona dogo. Wingu la kutisha halina wa kuulizwa; ukilitazama unasema ni kazi ya Mungu, unafunga ukurasa. Picha ya ukuta wa kuzuia maji uliobomoka kwenye mfereji wa 17th Street, New Orleans, inauliza swali: ukuta huu aliujenga nani, na kwa nini umeanguka? Mwaka 2006 Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, ambacho ndicho kilichozijenga kinga hizo, kilikiri kwamba kulikuwa na kasoro katika usanifu wake. Chagueni picha ya wingu, na swali hilo linatoweka bila nyinyi kuandika hata neno moja la uongo.

3. "Picha na Mtandao."

Mtandao hauna mkono wala kamera. Maneno haya, na ndugu yake "Picha kwa hisani ya mtandao", yameenea mno katika kurasa zenu hata yameanza kuonekana kama jina la mpiga picha fulani hodari aliyeko kila mahali. Maana yake halisi ni moja: hatujui imetoka wapi na hatukuuliza. Hollingshead ana jina. Aliifuata dhoruba barabarani kuipata ile picha. Mmeichukua kazi yake bila kumtaja, kisha mkaipachika uongo ambao yeye hakuusema.

4. Picha ya uongo ya leo inaiharibia picha ya kweli ya kesho.

Mmeshaiona picha ya papa anayeogelea barabarani kando ya gari. Ilianza kuzunguka mwaka 2011 ikidaiwa kuwa Puerto Rico wakati wa Kimbunga Irene, na ikafufuka mwaka 2017 ikidaiwa kuwa Houston wakati wa Kimbunga Harvey. Papa huyo alikatwa kutoka kwenye picha aliyoipiga Thomas Peschak huko Afrika Kusini mwaka 2003, akiwa anafuata mtumbwi mdogo wa kupiga makasia. Na kichekesho ni kwamba picha hiyo ya asili, iliyo ya kweli kabisa, nayo wengi walidhani imeghushiwa.

Kisha mwaka 2022 kikaja Kimbunga Ian. Mtu mmoja wa Fort Myers, Florida, alirekodi video ya samaki mkubwa mwenye pezi mgongoni akijirusha kwenye maji yaliyojaa uani. Dunia ikacheka: papa yuleyule tena! Video ilichunguzwa, ikaonekana ni halisi, na wataalamu waliona huenda kweli ni papa mchanga.

Papa ana haki yake, lakini si yeye ninayemwandikia. Agosti 2017, katika mafuriko ya Harvey, ilitoka picha ya wanawake wazee katika makao ya kutunza wazee mjini Dickinson, Texas. Wamekaa kwenye viti vyao, maji yamewafika kiunoni na kifuani, mmoja anaonekana yu pale tu, ametulia. Picha ilitumwa kuomba msaada. Watu wengi waliijibu kwa kusema imeghushiwa. Ilikuwa ya kweli, na wazee wale waliokolewa siku hiyohiyo. Lakini fikirini: mtu anazama, anaomba msaada kwa njia pekee aliyonayo, na jibu analolipata ni "hii tumeshaizoea". Nani aliyewazoesha? Kila mara mnapochapisha wingu la Nebraska, mnachukua kidogo katika akiba ya imani ambayo siku moja mtu wa Kilwa au wa Pemba ataihitaji.

5. Picha ya kweli nayo inaweza kusema uongo kwa maelezo yake.

Hapa Katrina ina somo ambalo wahariri wote wanapaswa kulijua. Siku moja baada ya kimbunga, mashirika mawili ya habari ya kimataifa yalitoa picha mbili zinazofanana: watu wanatembea ndani ya maji yaliyowafika kifuani, wamebeba vyakula. Kijana mweusi alielezwa kuwa ametoka "kupora" duka. Wazungu wawili walielezwa kuwa wametoka "kupata" mkate na soda. Hakuna aliyegusa picha hata moja. Kitenzi kilitosha.

6. Picha za akili mnemba.

Hili nitalipitia haraka kwa kuwa sheria yake ni nyepesi. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilipoleta mafuriko makubwa hadi milimani North Carolina, picha iliyosambaa sana ilikuwa ya mtoto wa kike ndani ya mtumbwi, analia, amekumbatia mbwa mdogo. Mtoto huyo hayupo duniani. Baadhi ya walioisambaza waliambiwa hivyo, wakajibu kwamba haidhuru, kwa sababu inaonesha uchungu ulio wa kweli. Oktoba 2025, Kimbunga Melissa kilipoipiga Jamaika, ilikuwa zamu ya video. Picha ya kuundwa isitumike kamwe kuripoti maafa. Basi.

Sasa najua mtakayoniambia, maana mengine nimeshaambiwa.

Mtasema hamna wapiga picha Marekani. Sawa, wala sikuwaomba mtume mtu. Picha zilizopigwa na watumishi wa serikali ya shirikisho ya Marekani wakiwa kazini, wakiwamo walinzi wa pwani na wakala wa hali ya hewa na bahari, NOAA, kwa kawaida hazina hakimiliki huko kwao. Baada ya kimbunga, NOAA hurusha ndege kuipiga picha pwani iliyoathirika na kuziweka wazi kwa umma. Ni bure. Zinahitaji tu mtu wa kuzitafuta kwa nusu saa.

Mtasema habari za maafa ni za haraka, hamna nafasi ya kuchunguza. Makala yenu ilikuwa ya kumbukumbu ya miaka 20! Katika miaka 20 hata kobe angefika maktaba.

Mtasema hata wakubwa hukosea. Kweli, hukosea, kisha husahihisha. Kwa miaka mingi idadi ya vifo vya Katrina iliyotajwa kila mahali ilikuwa 1,833. Mwaka 2023 Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kiliirekebisha kuwa 1,392, hadharani, zaidi ya miaka 17 baada ya kimbunga chenyewe. Hawakuona aibu. Nyinyi mnaona aibu kubadili mstari mmoja chini ya picha.

Mtasema wasomaji wanapenda picha kali. Hili ndilo linalonikera, kwa sababu linatutwika sisi kosa lenu. Ngazi ya zege isiyo na nyumba si kali? Iwekeni muone.

Na mtasema ilikuwa "picha ya mfano tu". Mfano wa nini? Wingu la radi la Nebraska ni mfano wa Katrina kama picha ya mto ilivyo mfano wa jangwa. Kama ingekuwa ya mfano, mngeandika "picha ya mfano" chini yake. Mliandika Katrina.

Nilisema nitaifikia ile picha ya pili. Ni ya satelaiti, nzuri sana, ina jicho safi katikati. Nayo imeandikwa Katrina. Lakini kimbunga kilichomo kinazunguka kufuata mshale wa saa. Katrina kilikuwa kaskazini mwa ikweta, na huko vimbunga huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Vinavyofuata mshale ni vya kwetu huku kusini. Mmeweka picha ya kimbunga cha nusu nyingine ya dunia, au mmeigeuza kama kwenye kioo. Hili wanafunzi wangu waliligundua kabla sijamaliza kuisambaza karatasi, na nakiri nilijivuna kidogo.

Ninachoomba ni hiki, na si kikubwa:

(a) Masahihisho ya picha yatolewe palepale kosa lilipotokea, kwa herufi zenye ukubwa uleule, yakisema picha ile ilikuwa ya nini, wapi, na nani aliipiga. Kuifuta kimyakimya hakuhesabiwi.

(b) Kila picha ya maafa iwe na mambo matatu chini yake: jina la aliyeipiga, mahali, tarehe. Mkikosa moja, andikeni wazi kwamba limekosekana. Mkikosa yote matatu, msiichapishe.

(c) Maneno "Picha na Mtandao" yafutwe katika vyumba vyenu vya habari kuanzia sasa.

(d) Kabla ya msimu wa vimbunga wa bahari yetu, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili, lakini kama Hidaya ilivyotuonesha huweza kuingia hata Mei, kila chombo kimteue mtu mmoja wa kuzihakiki picha na kutangaza anwani ya kupokelea malalamiko. Malalamiko yajibiwe ndani ya siku saba. Mimi nilisubiri miezi.

Sidai fidia, wala sitaki mtu afukuzwe kazi. Najua mpangaji wa kurasa ana kurasa nyingi na usiku mmoja. Ila nafuatilia. Kila picha ya kimbunga itakayotoka kwenu tutaichunguza darasani, na tutakachokipata nitakituma kwenu kwanza. Safari hii nitasubiri siku saba, kisha nitakitoa hadharani.

Ile picha ya wingu bado iko ubaoni kwangu. Sikuibandua. Chini ya maelezo yenu mwanafunzi yule ameandika kwa mkono wake: "Nebraska. Bahari iko wapi?" Upande wa kulia nimeacha nafasi tupu yenye upana wa safu moja ya gazeti. Ni ya masahihisho yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Jiografia,
msomaji wenu wa kila siku.

Nakala: Wasomaji wote.